Henderson na Kanuni Zake: Ubaguzi wa Rangi katika Polisi, Mahakama na Gereza ndani ya Tamthilia ya Mzalendo Kimathi

Ikisiri

Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, The Trial of Dedan Kimathi (1976), ambayo katika Kiswahili ni Mzalendo Kimathi (1978), imesomwa kwa miaka mingi kama utetezi wa shujaa na kama hukumu dhidi ya ukoloni. Makala hii inaichunguza kwa swali jingine: tamthilia inaueleza vipi ubaguzi wa rangi uliokuwamo katika polisi, mahakama na magereza ya Kenya ya kikoloni? Hoja kuu ni kwamba uamuzi wa watunzi wa kumpa mhusika mmoja, Shaw Henderson, kazi za mpelelezi, mwendesha mashtaka na jaji unaleta nguvu kubwa jukwaani, lakini unauweka ubaguzi ndani ya moyo wa mtu, ilhali kumbukumbu za kesi yenyewe zinaonyesha kwamba ulikaa ndani ya kanuni. Tofauti hiyo ina uzito wa kisera, kwa kuwa mtu huondoka na kanuni hubaki.

1. Utangulizi

Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 pembezoni mwa msitu wa Nyandarua. Mwezi uliofuata alishtakiwa Nyeri kwa kosa la kumiliki bastola kinyume cha kanuni za Hali ya Hatari, akapatikana na hatia, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Miaka ishirini baada ya kesi hiyo, mnamo Oktoba 1976, tamthilia ya Ngũgĩ na Mũgo ilioneshwa katika Jumba la Michezo la Taifa, Nairobi, na mwaka uliofuata ikaiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC mjini Lagos. Tafsiri ya Raphael Kahaso ikaiingiza katika Kiswahili mwaka 1978.

Kwa muda mrefu wahakiki hawakuwa na kitu cha kuilinganisha nayo. Mwenendo wa kesi ulidhaniwa kuwa umepotea. Hali hiyo ilibadilika Julie MacArthur alipouchapisha mwaka 2017 katika kitabu Dedan Kimathi on Trial, chenye dibaji ya Mũgo na Ngũgĩ wenyewe. Sasa tamthilia na mwenendo wa kesi vinaweza kusomwa sambamba. Usomaji huo haukusudii kuwakosoa watunzi kwa kutofuata historia. Walikwisha kueleza katika utangulizi wao kwamba hawakutaka kuinakili kesi ya Nyeri, bali kuiumba upya kwa ubunifu. Linalopaswa kuulizwa ni jambo jingine: ubunifu huo unamfundisha msomaji kuutafuta ubaguzi mahali gani?

2. Mtu mmoja, ofisi tatu

Tamthilia inafunguka mahakamani. Waafrika wamekaa upande wao, na Wazungu upande wao penye viti vya starehe. Kabla neno la shtaka halijasomwa, mtazamaji amekwisha kuiona sheria ikiwa imegawanyika kwa rangi. Jaji anamtaka Kimathi akiri au akane, na Kimathi ananyamaza. Anapofungua kinywa, anaikataa mahakama yenyewe: hawezi kufungwa na sheria ambayo watu wake hawakushiriki kuitunga, tena sheria yenye sura mbili, moja ya mwenye mali na nyingine ya maskini.

Baadaye, selini, jaji yule yule anamjia mfungwa kwa sauti ya rafiki. Ni Shaw Henderson. Anamwomba akiri, anamwahidi uhai, na mwishowe, ahadi zikishindwa, anamtesa. Kati ya ziara zake wanakuja wajumbe wa benki na biashara, kisha Waafrika: mfanyabiashara, mwanasiasa na kasisi. Majaribu ya selini yanageuka kuwa kesi ya pili, iliyo nzito kuliko ile ya mahakamani.

Kuunganisha ofisi hizo katika mwili mmoja ni uamuzi wenye hekima ya kisanaa. Jina la mhusika linamkumbusha mtazamaji Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyeongoza msako wa Kimathi. Msakaji anapovaa joho la jaji, mtazamaji haambiwi kwamba mahakama haikuwa huru, anaiona. Muungano huo una ukweli wa kihistoria pia. Katika ngazi ya wilaya, ofisa wa serikali alikuwa na mamlaka ya hakimu. Mwafrika aliyekamatwa bila kipande, au aliyeshindwa kulipa kodi, aliweza kufikishwa mbele ya mtu wa ofisi ile ile iliyomdai kodi. Kwa Waafrika wengi wa enzi hiyo, mkamataji, mshitaki na mwamuzi walikuwa serikali moja yenye uso mmoja.

Kwa hiyo Shaw Henderson ni picha sahihi ya mahakama ya wilaya. Tatizo linaanza anapopelekwa katika kesi ya Kimathi, kwa sababu kesi hiyo haikuendeshwa hivyo.

3. Kesi ya Nyeri na adabu zake

Aliyeisikiliza kesi ya Nyeri alikuwa Jaji Mkuu wa koloni, Kenneth O'Connor. Mshtakiwa alikuwa na wakili. Kesi iliendeshwa kwa Kiingereza, na maneno ya mshtakiwa yakapitia kwa mkalimani. Washauri watatu Waafrika walikaa na jaji na kutoa maoni yao. Baada ya hukumu kulikuwa na rufaa katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, kisha ombi mbele ya Baraza la Faragha mjini London. Yote yalikataliwa. Hata risasi iliyomwangusha Kimathi ilitoka katika bunduki ya Mwafrika, askari wa akiba wa polisi wa kikabila.

Mtetezi wa himaya angeweza kuyaorodhesha mambo hayo kama ushahidi kwamba haki ilitendeka. Hapo ndipo uzito wa suala ulipo. Kila ofisi ilikuwa mahali pake, kila hatua iliandikwa, na mwisho wake ulikuwa kitanzi. Ubaguzi haukuhitaji jaji mwenye chuki. Ulikwisha kutenda kazi kabla jaji hajaketi, katika sehemu tatu.

Kwanza ni utungaji wa kosa. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, kanuni zilipanua orodha ya makosa yenye adhabu ya kifo: kumiliki silaha au risasi, kusimamia kiapo, hata kuandamana na wenye silaha. David Anderson, katika Histories of the Hanged (2005), amehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya Mau Mau, na wengi wao hawakutiwa hatiani kwa mauaji. Kimathi, aliyetajwa kila mahali kama mwuaji mkuu, hakushtakiwa kwa kumwua mtu yeyote. Utetezi wake kwamba alikuwa anatoka msituni kujisalimisha ulipaswa kupita katika tundu dogo lililoachwa na kanuni hizo, nao haukupita.

Pili ni waamuzi. Katika Kenya ya kikoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri ya Wazungu wenzake, na uamuzi wa juri ulikuwa na nguvu. Mwafrika alipewa washauri, na maoni yao hayakumfunga jaji. Tofauti hiyo haikuwa desturi ya chini kwa chini; iliandikwa katika sheria ya mwenendo wa jinai. Matunda yake yanaonekana katika kesi ya Nakuru ya mwaka 1923, ambayo Karen Blixen aliisimulia katika Out of Africa. Mfanyakazi Mwafrika aliyeitwa Kitosh alipigwa na kufungwa kamba kwa amri ya mlowezi, akafa. Madaktari walitoa ushahidi uliozungumzia nia ya marehemu mwenyewe ya kufa. Juri ilimwona mlowezi ana hatia ya kujeruhi vibaya, naye akafungwa miaka miwili. Bastola isiyothibitishwa kumwua mtu ilimpeleka Mwafrika kwenye kitanzi. Maiti ya Mwafrika ilimpeleka Mzungu gerezani kwa miaka miwili. Kati ya kesi hizo mbili kuna miaka thelathini na mitatu na mazingira tofauti, lakini mlango wa mahakama ulikuwa ule ule, wenye vizingiti viwili.

Tatu ni upelelezi. Kipande, kilichotokana na sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilimfanya kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kuwa mshukiwa mpaka atoe karatasi. Hali ya Hatari iliongeza vitabu vya pasi kwa Wagĩkũyũ, Waembu na Wameru, pamoja na uchujaji wa halaiki. Katika Operesheni Anvil ya Aprili 1954, maelfu ya watu walikamatwa Nairobi na kupelekwa kambini. Kigezo cha kwanza kilikuwa kabila. Alama ya gunia lililofunika uso wa mtoa habari, yaani gakũnia, inaeleza vyema upelelezi huo: anayeshtaki haonekani, na anayeshtakiwa hawezi kumhoji.

4. Tamthilia inapoona na inapopitwa

Haitakuwa haki kudai kwamba Mzalendo Kimathi haizioni kanuni hizi. Jibu la Kimathi mahakamani ni uchambuzi wa sheria, si malalamiko dhidi ya mtu. Mandhari ya mitaani, ambapo askari Mzungu anamsimamisha Mwanamke na kumpekua, yanaonyesha upelelezi wa kila siku ambao hauhitaji kosa. Askari Waafrika wanaolinda na kupiga wanaonyesha kwamba mfumo ulitumia mikono ya watu weusi. Ziara za Waafrika watatu selini zinakwenda mbali zaidi: zinatabiri kwamba wapo watakaorithi kiti cha mkoloni bila kukibadilisha.

Hata hivyo, muundo wa mchezo unavuta upande mwingine. Kila mgogoro mkubwa unarudi kwa Henderson. Ahadi ni zake, kiboko ni chake, hukumu ni yake. Mtazamaji anatoka ukumbini akiwa na mtu wa kumchukia, na chuki hiyo ni halali. Lakini inampa faraja isiyostahili. Inamdokeza kwamba kama Henderson asingekuwako, au kama jaji angekuwa mwema, mizani ingesimama sawa. Mwenendo wa kesi unakanusha faraja hiyo. Jaji mpole aliyezifuata kanuni za mwaka 1952 kwa uaminifu angefika pale pale.

Kasoro hii inaonekana zaidi katika taswira ya gereza. Jukwaani, mateso ya Kimathi yanatoka kwa Henderson na yanaishia kwa Kimathi: watu wawili katika chumba kimoja. Magereza ya Hali ya Hatari yalifanya kazi kwa namna nyingine. Huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kizuizini walipigwa hadi kufa walipokataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Waliopiga walikuwa askari wa gereza Waafrika. Waliosimamia walikuwa Wazungu. Nyuma yao kulikuwa na mpango ulioandikwa na ofisa wa magereza na kukubaliwa na wakubwa, unaoeleza jinsi ya kuwalazimisha wanaokataa kazi. Taarifa ya kwanza ya serikali ilivihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo. Ukiuliza nani aliua Hola, jibu litapita kwa mpigaji, msimamizi, mwandishi wa mpango, mwidhinishaji na mtoa taarifa, na kila mmoja ataonyesha karatasi iliyomruhusu. Mhusika mmoja hawezi kuubeba mnyororo huo. Tamthilia iliyomchagua Henderson imelazimika kuuacha.

5. Kiswahili cha amri

Tafsiri ya Kiswahili inaongeza jambo ambalo maandishi ya Kiingereza hayakuweza kulibeba. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi ya askari na magereza ya Kenya ya kikoloni. Kwa lugha hiyo Mwafrika aliamriwa asimame, atoe kipande, achuchumae, ajibu. Maneno ya mfumo huo yakakita ndani ya msamiati: askari, kipande, kiboko, nyapara, korokoroni, rumande, kizuizini. Neno gereza lenyewe linaelezwa na kamusi kuwa limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na wasomi wengi hulihusisha na Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Waingereza waliigeuza kuwa gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958.

Katika maandishi ya Kiingereza, maneno kama hayo yakijitokeza hutoa ladha ya mahali. Ndani ya Kiswahili hayana ugeni wowote. Ni maneno ambayo msomaji aliyasikia jana kituoni. Mkenya wa leo bado huita kitambulisho chake kipande, na askari wa doria bado humwomba akitoe. Kwa njia hiyo tafsiri inaukaribia ukweli ambao muundo wa mchezo unaukwepa: inamwonyesha msomaji kwamba mfumo ulihifadhiwa katika maneno ya kawaida, yasiyo na mwenyewe, yanayosemwa na watu wasiomchukia yeyote. Wahakiki wa tafsiri, ambao mara nyingi hupima usahihi wa neno kwa neno, wangefaidika kuchunguza pia historia ya kila neno katika kinywa cha dola.

Lugha hiyo hiyo ndiyo inayobeba jibu. Kimathi wa Kiswahili anaikataa sheria kwa kutumia neno haki, ambalo kwa Mswahili ni stahiki ya mtu na pia ni uadilifu wa hukumu. Sheria iliyomnyima mtu stahiki yake haiwezi, katika lugha hii, kudai kwamba imetenda haki. Mantiki ya utetezi wake imo ndani ya neno lenyewe.

6. Mtu alipoondoka

Ian Henderson wa historia aliondolewa nchini Kenya mwaka 1964 kwa amri ya serikali huru, akaenda kuongoza usalama wa dola nchini Bahrain kwa miongo kadhaa. Kanuni hazikuondoka naye. Mwaka 1966 Bunge liliipanua sheria ya usalama wa umma, na kizuizi bila kesi kikawa tena chombo cha serikali. Tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ mwenyewe alikamatwa, akawekwa kizuizini Kamiti, gereza lile lile alimonyongwa shujaa wa tamthilia yake, mpaka Desemba 1978. Tafsiri ya Kiswahili ilitoka katika mwaka huo ambao mtunzi mmoja alikuwa ndani. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau haikufutwa hadi mwaka 2003, na mfumo wa washauri wa mahakama ulidumu Kenya hadi mwaka 2007.

Mtiririko huo unaweka wazi gharama ya kuusoma ubaguzi kama tabia. Uhuru ulibadilisha rangi ya aliyekaa mezani. Ulifuta pia matamko ya wazi ya rangi ndani ya sheria, na hilo lilikuwa badiliko kubwa lisilopaswa kudharauliwa. Lakini kanuni zilizotungwa ili kumdhibiti Mwafrika mjini, hasa zile za uzururaji na makosa madogo ya mitaani, zilibaki na umbo lake. Aliyelengwa kwa rangi akalengwa kwa umaskini, na mara nyingi alikuwa mjukuu wa yule yule. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya kishauri tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika, na kwamba dola zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Maoni hayo yanafanya kile ambacho tamthilia ilikianzisha katika kauli ya Kimathi na kukiacha njiani: yanaishtaki kanuni kwa jina lake, bila kusubiri apatikane Henderson.

7. Hitimisho

Mzalendo Kimathi inabaki kuwa kazi kubwa. Ilimrudishia heshima mtu ambaye dola ilimzika mahali pasipotajwa, na ilifanya hivyo wakati serikali huru haikupenda sana kumkumbuka. Uhakiki uliotolewa hapa hauipunguzii hadhi hiyo. Unadai kwamba tamthilia hii isomwe pamoja na mwenendo wa kesi, na kwamba walimu na wanafunzi waulizwe si tu Henderson alifanya nini, bali pia ni kanuni ipi ilimpa nafasi ya kufanya, nani aliitunga, na lini ilifutwa, kama ilifutwa.

Maswali hayo matatu yanawafaa washauri wa sera pia. Mageuzi ya polisi na magereza katika kanda hii mara nyingi huanza na kuishia kwa watu: mafunzo ya maadili kwa askari, uhamisho wa ofisa, tume ya kumchunguza mkosaji. Hatua hizo zina nafasi yake. Lakini kesi ya Nyeri iliendeshwa na watu waliofunzwa vizuri, waliovaa vizuri, waliozungumza kwa adabu. Mpango wa mageuzi ambao kesi hiyo ingeupita bila kugusa kitu bado haujafika kwenye mzizi. Kabla ya kuuliza askari gani aondolewe, anayeshauri dola angefanya vyema kuiweka mezani orodha ya makosa ambayo askari huyo amepewa kuyakamatia watu, na kuisoma kifungu kwa kifungu, akiandika pembeni ya kila kimoja mwaka kilipotungwa.